Kufuma na kudarizi ukiwa ugenini: mwongozo kwa anayeondokea Dodoma

Nilipomsindikiza shangazi yangu Chennai, India, kwa matibabu, nilijaza begi zima nyuzi. Madonge kumi na moja, jozi tatu za sindano, ringi kubwa ya kudarizia, na kitambaa cha meza ya watu wanane nilichokuwa nimekifikisha nusu. Tulikaa huko wiki saba. Kitambaa kile hakikuongezeka hata mstari mmoja. Kilikuwa kizito, kilitaka meza na hesabu ya kutulia, na mimi nilikuwa kwenye benchi nikisikilizia jina la mgonjwa wangu liitwe. Kilichonifaa ni donge moja la pamba na kroshia moja niliyoitia mkobani dakika ya mwisho, wakati bodaboda ameshafika mlangoni.

Tangu hapo nimesafiri na kazi ya mkono mara kadhaa: kwa basi hadi Nairobi, kwa ndege hadi Addis Ababa na Istanbul. Haya ndiyo ninayoyafanya sasa. Nayaandika kwa mtumishi anayepelekwa kozi, mwanafunzi, mfanyabiashara, na zaidi kwa anayemsindikiza mgonjwa, maana huyo ndiye mwenye saa nyingi za kusubiri na mikono isiyo na la kufanya.

Chagua kazi moja, na uianze ukiwa bado nyumbani

Kazi ya safari iwe ya vipande. Maua ya kuunganisha, miraba ya blanketi, kofia ya mtoto, soksi, kona za foronya za kudarizi. Kitambaa cha kochi kilichoanzwa katikati na kuzunguka hakifai sana, kwa sababu kila mzunguko unakuwa mrefu kuliko uliopita, na ukikatizwa katikati ya hesabu unaanza kuhesabu upya. Ua moja au mraba mmoja unauanza na kuumaliza kwenye foleni moja. Ukiitwa, unatia kazi mkobani na kusimama.

Usifungue kazi mpya kwenye basi. Mnyororo wa kwanza, mistari kumi ya kwanza, na maamuzi yote ya rangi yafanyie mezani kwako, hapo Chang'ombe au Kizota, mchana, mwanga wa jua ukiwepo. Mkono unahitaji kuzoea uzi ule. Fuma kipande cha sentimita 10 kwa 10, hesabu vitanzi kwa upana na mistari kwa urefu, kisha andika namba hizo kwenye daftari dogo. Ukiwa mbali na nyumbani, mkono hubana au hulegea kwa uchovu na wasiwasi. Bila namba hizo hutajua mpaka siku utakapoweka vipande pamoja na kukuta kimoja ni kikubwa kuliko kingine.

Kisha pima uzi utakaohitaji, usikisie. Fuma ua moja, ulifumue, upime uzi wake kwa futi ya fundi. Tuseme umepata mita 9 pamoja na mkia wa kushonea. Donge la gramu 50 lenye mita 120 litakupa maua 13, na mabaki ya mita tatu tu. Kwa safari ya wiki mbili mimi hubeba madonge mawili, basi. Madonge kumi ya gramu 100 ni kilo nzima ya mzigo, na kilo hiyo utaitamani siku ya kurudi.

Kuhusu rangi, epuka nyeusi na bluu iliyokolea. Ndani ya ndege usiku, au kwenye wodi yenye taa hafifu, vitanzi vyeusi havionekani na macho yanauma. Nyeupe kabisa nayo inashika uchafu. Rangi ya maziwa, ya haradali, ya udongo wetu huu mwekundu wa Dodoma, zinavumilia.

Vifaa vya mkobani

Kroshia mbili za namba moja, kwa sababu moja itaanguka chini ya kiti. Ya plastiki au ya mianzi ni bora kuliko ya chuma kwa safari, nitaeleza sababu mbele. Kwa anayefuma sweta, acha zile sindano ndefu zilizonyooka. Viwiko vyako vitamchoma jirani, na sindano ikichomoka inavingirika hadi mbele ya basi. Tumia sindano za mviringo, zile mbili fupi zilizounganishwa kwa waya laini. Hata kitu bapa unakifuma kwa kwenda na kurudi, na uzito wa kazi unakaa mapajani badala ya kuning'inia mikononi.

Kwa kudarizi, ringi ya sentimita 12 hadi 15 inatosha. Chora au piga chapa ua lako kabla ya kuondoka, kata nyuzi za kila rangi kwa urefu wa mkono hadi kiwiko, na uzifunge kwenye kadi ngumu yenye matundu, ukiandika namba ya rangi pembeni ya kila tundu. Ukifika una kadi moja bapa badala ya kifurushi cha nyuzi zilizotatizana.

Ongeza futi, pini tatu za usalama za kuwekea alama, sindano mbili butu za kuunganishia na daftari. Mchoro wa kazi uwe kwenye karatasi pamoja na picha kwenye simu, maana simu huzima chaji.

Mfuko wa kubebea uwe wa kitambaa. Wengi wetu tumezoea kutia nyuzi kwenye mfuko wa plastiki ili zisishike vumbi, lakini Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, na sisi tangu Juni 2019. Shona kibegi cha kitenge chenye kamba ya kuvutia mdomo. Kipande cha nusu mita kinatoa viwili.

Namba za sindano hazifanani duniani

Andika sindano zako kwa milimita, hata kama zina namba nyingine. Kroshia ya milimita 4 Marekani inaitwa G-6, kwa hesabu ya zamani ya Uingereza ni namba 8, na Japani ni 7/0. Ya milimita 3.5 ni E-4 Marekani, 9 Uingereza, 6/0 Japani. Ukiingia duka la ugenini na kusema "nataka namba nane" utapewa kitu kingine kabisa. Onyesha milimita.

Michoro ya kroshia ina mtego mkubwa zaidi, na umewahi kunifumulisha kazi ya siku tatu. Waingereza na Wamarekani wanatumia vifupisho vilevile kwa mishono tofauti. "dc" ya Uingereza ni mshono mfupi ambao Marekani wanauandika "sc". "dc" ya Marekani ni mshono mrefu ambao Uingereza wanauandika "tr". Njia ya kutambua ni rahisi: ukiona "sc" popote kwenye maelezo, mwandishi anatumia mfumo wa Marekani, kwa sababu Uingereza haina kifupisho hicho kwenye kroshia. Vitabu vya Kijapani, ambavyo huwezi kusoma hata neno, ndivyo rahisi kuliko vyote, maana kila kitu kimechorwa kwa alama. Yai dogo ni kitanzi cha mnyororo, msalaba ni mshono mfupi, herufi T yenye mkwaju mmoja ni mshono mrefu. Unafuata alama kama unavyofuata ramani.

Uwanja wa ndege

Kwa abiria wa ndege za Marekani, kroshia na sindano za kufumia zinaruhusiwa kwenye mzigo wa mkononi, na mkasi unaruhusiwa ikiwa makali yake, kuanzia kwenye kiungo, hayazidi inchi 4, yaani kama sentimita 10. Uingereza na Umoja wa Ulaya kiwango cha mkasi ni sentimita 6. Vile vikata nyuzi vya mviringo vyenye wembe ndani havifai mkononi, vitie kwenye begi kubwa. Nchi nyingine zina masharti yake. Kabla ya kuondoka soma tovuti ya shirika lako la ndege na ya kila uwanja utakaopita, pamoja na ule wa kubadilishia ndege, kwa sababu utakaguliwa upya huko. Na hata pale sheria inapokuruhusu, afisa aliye mbele yako ndiye mwenye uamuzi wa mwisho.

Mimi nilinyang'anywa mkasi mdogo wa shaba kwenye uwanja mmoja wa kubadilishia ndege, baada ya kupita nao salama kwenye uwanja wa kwanza. Ulikuwa wa marehemu bibi yangu. Niliona ukitupwa kwenye pipa la plastiki pamoja na viberiti na vikata kadi, na mpaka leo ninapoufikiria roho inaniuma. Basi sikiliza: usibebe mkononi kitu ambacho ukikipoteza utalia. Mkasi wako mzuri na kroshia ya urithi viache nyumbani. Kukata nyuzi ndani ya ndege tumia kikata kucha, kinakata uzi wa pamba vizuri sana.

Na ukiwa na kazi ya sindano mbili, fanya hivi usiku kabla ya safari. Tunga uzi mwembamba wa pamba wa rangi tofauti kwenye sindano butu, upitishe ndani ya kila kitanzi kilicho kwenye sindano yako ya kufumia, na uache mikia mirefu pande zote mbili. Sindano zikichukuliwa, unachomoa, unafunga mikia, na sweta lako linabaki limeshikiliwa na uzi ule. Ukifika utanunua sindano nyingine na kuvirudisha vitanzi kimoja kimoja. Kwa kroshia, kitanzi kimoja cha mwisho kinatosha kukitia pini ya usalama.

Kwa upande wetu, tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, kipande cha Dodoma hadi Dar es Salaam kimekuwa sehemu tamu ya safari kwa mfumaji. Haitikisiki kama basi. Kwenye basi, barabara ya Kondoa kwenda Babati na Arusha kwa anayekwenda Namanga, fuma tu mishono ambayo vidole vinaijua bila macho. Kudarizi acha. Sindano yenye ncha na breki ya ghafla havipatani.

Jasho na unyevu

Sisi wa Dodoma tumezoea hewa kavu. Midomo inapasuka, uzi unateleza, sindano ya chuma unaiacha kwenye kitambaa mwezi mzima na inabaki inang'aa. Ukishuka Chennai, Guangzhou au Muscat mambo yanageuka. Jasho linafanya uzi ung'ang'anie kwenye kroshia ya chuma, na sindano iliyoachwa ndani ya kitambaa kwa siku mbili tatu inaacha doa la kutu lisilotoka. Ndiyo maana nasema mianzi au plastiki. Sindano za kudarizi zitoe kwenye kazi kila unapomaliza, uzifute, uzitie kwenye kikopo pamoja na vile vipakiti vidogo vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Nawa mikono na uikaushe kabla ya kuanza. Usipake losheni kwanza.

Hospitalini kuna adabu yake. Sindano usiingie nazo wodi ya wagonjwa mahututi. Hesabu sindano zako kabla ya kuinuka kwenye kiti na baada ya kuinuka, kwa sababu atakayekaa baada yako ni mgonjwa.

Kununua uzi usiojua lugha yake

Hapa ndipo pesa hupotea. Karatasi ya donge ina mambo manne ya kusoma: gramu, mita, asilimia za malighafi, na namba mbili za rangi. Uzito peke yake haukuambii unene. Gramu 50 zenye mita 100 hadi 125 ni uzi wa kati, wa sweta la kawaida. Gramu 50 hizohizo zikiwa na mita 200 ni uzi mwembamba, wa soksi. Nyuzi za pamba za vitambaa zina namba inayokwenda kinyume: namba 20 ni nyembamba kuliko namba 10.

Namba ya kwanza ya rangi inataja rangi yenyewe, ya pili inataja pipa lililotumika kuichovya. Madonge ya rangi moja kutoka mapipa mawili yatafanana dukani chini ya taa na kutofautiana juani kwako. Nunua yote ya pipa moja na uongeze donge moja la tahadhari, kwa sababu Chennai hutarudi kesho.

Sokoni ambako nyuzi hazina karatasi, omba kipande kifupi ukakichome nje, mbali na nyuzi nyingine. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Sufu inanuka nywele na majivu yake yanasagika. Akriliki inayeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Usifanye jaribio hili chumbani hotelini, king'ora cha moshi kitalia. Muuzaji akikataa kukupa hata sentimita tano, mimi huondoka.

Kwa nyuzi za kudarizi maisha ni mepesi kidogo. Kampuni ya DMC, iliyoanzia Mulhouse, mji ambao leo uko Ufaransa, mwaka 1746, namba zake ni zilezile kila nchi: 310 ni nyeusi, 321 ni nyekundu. Shada moja lina mita 8 na nyuzi sita ndani yake unazozitenganisha. Andika namba zako daftarini na utapata rangi ileile popote.

Istanbul, panda kutoka Eminönü kuelekea Mahmutpaşa, uulize Kürkçü Han. Ni jengo la kale lenye maduka ya nyuzi yaliyojaa mpaka juu. Kroshia kwao inaitwa tığ, nawe onyesha tu yako. Addis Ababa nenda Shiro Meda, ukaguse pamba iliyosokotwa kwa mkono na pindo zake za rangi. Nairobi, Biashara Street ina vitambaa vya kila aina. Guangzhou kuna soko kubwa la vitambaa la Zhongda, ila huko wengi wanauza kwa jumla, kwa hiyo uliza kiwango cha chini kabla hujaanza kuchagua. Anayekwenda kusoma Uingereza apite kwanza kwenye maduka ya hisani yanayouza vitu vilivyotumika. Sindano nzuri za watu waliotangulia huuzwa humo kwa bei ndogo.

Ukiwa nchi za Waarabu, lugha yetu itakusaidia kuliko unavyodhani. Mkasi, sufu na kutarizi ni maneno yaliyotoka kwao. Sema "tatriz" na mwenye duka atakuelekeza kwenye rafu.

Kukaa na wenyeji

Siku ya nne kule hospitalini mama mmoja mtu mzima alikuja kukaa karibu nami. Hakujua Kiswahili wala Kiingereza, mimi sikujua Kitamil zaidi ya kumwita amma kama nilivyosikia wengine wakiita. Alitazama mikono yangu muda mrefu. Kisha akanyoosha kiganja, nami nikampa kazi yangu. Akafuma ua zima, lakini uzi aliushika kwa mkono wa kulia na kuutupia juu ya kroshia, tofauti na mimi niliyefundishwa na mama kuupitisha kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Alilimaliza, akanirudishia, akacheka. Kila asubuhi baada ya hapo aliniwekea nafasi kwenye benchi, na siku shangazi alipoingizwa chumba cha upasuaji alikaa nami tangu alfajiri mpaka mlango ulipofunguliwa.

Kwa hiyo fuma mahali pa watu, si chumbani. Kaa upande ambao mikono yako inaonekana. Mtu akitazama, mpe kazi aishike kabla hajaomba. Usianze kwa kutoa simu na kupiga picha. Kwanza onyesha ya kwako, kisha omba kuonyeshwa ya kwake, na picha iwe ya mwisho, kwa ruhusa. Ukitaka kufundishwa mshono mgumu na mtu anayeishi kwa kazi hiyo, mlipe muda wake au ununue kitu chake kwa bei aliyotaja.

Jua pia unachokiangalia. Uturuki pindo za mitandio zinazoitwa oya hufumwa kwa sindano ya kawaida au kroshia, vijiua vidogo kuliko punje ya mahindi. Wanawake wa Kitoda wa milima ya Nilgiri, jimbo hilohilo la Chennai, wanadarizi nyekundu na nyeusi juu ya pamba nyeupe kwa kuhesabu nyuzi za kitambaa, bila kuchora kwanza. Oman wana kumma, kofia ya kudariziwa kwa mkono ambayo mtu yeyote aliyewahi kuona kofia za Unguja ataitambua mara moja kuwa ni ndugu. Kenya, wanawake wa Kikamba husuka kiondo huku wakitembea na kuzungumza, uzi wa katani ukiwa umesokotwa juu ya paja. Mshono jifunze, upeleke nyumbani, ufumie wanao. Lakini ua la jamii ya watu usilitoe nakala na kuliuza Dodoma kama ubunifu wako.

Na kazi yako usiiuze huko. Viza ya matibabu au ya matembezi si ya biashara. Zawadi toa.

Kurudi nyumbani

Risiti za nyuzi ziweke pamoja, na kama umenunua kwa wingi zitaje forodhani. Sufu mbichi isiyooshwa usiibebe kabisa. Anayekwenda Australia au New Zealand ajue kuwa ukili, nyasi za kapu, mbao na sufu mbichi lazima viandikwe kwenye fomu ya kuingilia, hata kama ni kikapu kidogo cha zawadi kutoka Singida.

Ukifika, usiunganishe vipande usiku huohuo. Viloweke kwenye maji ya kawaida na sabuni laini, usisugue. Maji ya moto yataifanya sufu isinyae na kugandamana. Kamua kwa kuviringisha ndani ya taulo. Tandika shuka juu ya godoro, panga maua yote, yabane kwa pini zisizoshika kutu kwa kipimo kile ulichoandika daftarini. Hapa hewa yetu kavu inalipa: ukiyabana asubuhi mwezi Agosti, kwenye chumba chenye upepo lakini kisicho na jua la moja kwa moja, alasiri yamekauka na yanasimama yenyewe.

Yangu ya Chennai yalikuwa 64, mistari minane kwa minane. Lile la amma ni la tatu kutoka kona ya kushoto. Limebana kidogo kuliko mengine, nami sikulivuta lilingane.